Bomba limepasuka na fundi bado yuko njiani: cha kufanya kwanza

Fundi akipigiwa simu saa nane usiku akaambiwa "bomba limepasuka, maji yamejaa nyumba nzima," swali lake la kwanza ni "bomba lipi?" na hapo ndo mazungumzo yanapokwama. Kiswahili chetu tunaita bomba ule mrija unaopita ukutani, tunaita bomba pale maji yanapotokea, na hata ule mrija wa maji machafu unaotoka chooni nao ni bomba. Kwahiyo mtu anaambiwa "funga bomba" anakimbilia sinki anakaza pale kwenye mdomo wakati maji yanatoka chini ya sinki, na pale chini hapahusiani kabisa na ule mdomo aliokaza. Dakika zinaenda, maji yanaenda, na fundi huko njiani hajui hata abebe kifaa gani.

Sasa ili tuelewane humu, neno bomba nitalitumia kwa ule mrija tu. Pale juu ya sinki panapotoka maji nitapaita koki. Kile kifaa kinachokaa katikati ya bomba kazi yake kufungua na kufunga njia ni valvu. Valvu ziko aina mbili utakazokutana nazo sana, kuna geti valvu, ile yenye usukani mdogo wa duara unaozungusha mara nyingi mpaka ifunge, na kuna bolvalvu, ile yenye mpini mrefu unaougeuza robo duara tu basi. Bolvalvu inajisema yenyewe: mpini ukilala sambamba na bomba maji yanapita, mpini ukilikingama bomba kama mtu aliyesimama mlangoni, maji hayapiti. Na chemba ni lile shimo lenye mfuniko nje ya nyumba ambapo maji machafu yanapitia kwenda zake.

Kitu kikubwa ninachotaka ukishike kabla ya vingine vyote ni kwamba ndani ya nyumba kuna maji ya namna mbili na yanasimamishwa kwa njia tofauti kabisa. Kuna maji yanayoingia na kuna maji yanayotoka. Watu wengi wanaohangaika usiku wanahangaika kwa sababu wanapambana na maji ya aina moja kwa mbinu za aina nyingine.

Maji yanayoingia yanasukumwa. Ukiwahi kumuuguza mtu umeona dripu inavyotundikwa juu ya kitanda, haiwekwi chini, sababu ule urefu ndo unaosukuma dawa iingie. Tanki la juu ya nyumba ni dripu hiyohiyo, kila mita 10 za kimo zinakupa presha ya kama bar 1, kwahiyo tanki lililo mita 5 juu ya koki yako linakupa nusu bar hivi. Maji yanayotoka moja kwa moja kwenye mtandao wa bomba la mtaa mara nyingi yanakuja na bar 2 mpaka 4, na sehemu zingine zaidi. Ndo maana bomba likitoboka upande huu maji yanaruka, yanapiga ukuta wa pili, na hayataacha mpaka ufunge valvu au chanzo kiishe. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa dakika moja maana yake ndani ya saa moja umeingiza lita 1,200, na lita ya maji ina uzito wa kilo moja, yaani tani moja na kilo mia mbili za maji ndani ya chumba. Hapo huwezi kushinda kwa kudeki.

Maji yanayotoka hayasukumwi na kitu, yanateremka tu sababu bomba limelazwa kwa mwinamo. Hapa hakuna valvu ya kufunga. Yakikwama yanafanya kama magari kwenye foleni, mbele pamesimama, nyuma wanaendelea kuja, na wanaojaa ni wa nyuma. Dawa yake ni kuacha kuongeza magari. Nitarudi huko.

Lakini kabla hujagusa maji ya aina yoyote, umeme. Nasema hivi kwa msisitizo sababu watu wanakimbilia maji na kinachoua pale ni umeme. Kama maji yamefika kwenye soketi, kwenye ekstensheni iliyolala sakafuni, au yanachuruzika kwenye taa ya dari, zima meni swichi, ila uizime ukiwa umesimama pakavu na mikono mikavu. Kama kuifikia meni swichi lazima ukanyage maji hayo, usiingie, toa watu nje, piga simu kwa watu wa umeme wakate kwa nje. Usiingie eti "nichomoe friji tu mara moja".

Haya, umeme umezimwa au upo salama, sasa funga maji. Anza karibu na tatizo kwenda mbali. Kama ni hozi ya chini ya sinki au ya tanki la choo imepasuka, angalia pale hozi inapoungana na ukuta, mara nyingi kuna kivalvu kidogo, mafundi wengi wanakiita engo valvu, zungusha kuelekea kulia mpaka kigome. Ukifanikiwa hapo nyumba nzima inabaki na maji na umeshamaliza. Kikigoma au hakipo, nenda kwenye valvu kuu, inaweza kuwa karibu na mita, au pale bomba linapoingia nyumbani, au jikoni chini ya sinki, au kwenye kiboksi nje kilichofunikwa na majani. Kwenye fleti unaweza kuikuta kwenye korido au bafuni kwako.

Na hapa ndo penye mtego ulionipata mimi. Hozi ya chini ya sinki ilipasuka usiku, nikatoka mbio nikafunga valvu ya kwenye mita, nikarudi ndani nikiwa na uhakika nimemaliza, nikakuta maji yanatoka vilevile. Nikadhani valvu ni mbovu, nikarudi kuikaza zaidi, nikampigia fundi nikamwambia valvu ya mita imekufa. Kumbe valvu ilikuwa nzima na imefunga vizuri. Maji yaliyokuwa yananimwagikia hayakuwa yanatoka kwenye mita, yalikuwa yanatoka kwenye tanki la juu! Nyumba yenye tanki ina milango miwili, mtandao unajaza tanki, tanki linalisha nyumba, na pengine baadhi ya koki zinalishwa na mtandao moja kwa moja, kwahiyo ukifunga mita umezuia tu tanki lisiongezwe, lita elfu moja au mbili zilizopo juu bado zina haki ya kushuka zote. Lazima ufunge na valvu ya pale maji yanapotokea tanki. Na kama kuna pampu, izime kabisa kwenye swichi, maana pampu nyingi za kujiendesha zikihisi presha imeshuka zinawaka zenyewe zikidhani mtu kafungua koki, na zitaendelea kulisha ule ufa bila kuchoka.

Geti valvu ambayo haijaguswa miaka inakuwa imeshika kutu. Usiining'inie kwa spana kubwa kwa hasira, mti wake wa kati ukikatika umebaki na valvu iliyo wazi isiyofungika tena na sasa tatizo ni mawili. Shika kwa kitambaa kikavu upate mshiko, zungusha kidogo kulia, rudisha kidogo kushoto, tena kulia, uchafu uachie taratibu. Ikigoma kabisa iache, tafuta valvu nyingine iliyo karibu zaidi na chanzo cha maji, au wapigie watu wa maji wafunge upande wao. Binafsi nazungusha zangu zote mara mbili kwa mwaka, nafunga mpaka mwisho nafungua, basi, haichukui dakika kumi.

Umefunga kila kitu na maji bado yanatoka kidogokidogo? Usiogope, hayo ni yaliyobaki ndani ya mabomba. Yamwage mwenyewe mahali unapotaka wewe: fungua koki ya chini kabisa ya nyumba, ya bustani au bafuni ghorofa ya chini, alafu fungua na koki moja ya juu kabisa. Ile ya juu wengi wanaisahau. Chukua mrija wa soda uujaze maji uzibe juu kwa kidole, maji yanabaki yamening'inia hayadondoki, ukiondoa kidole yanashuka yote. Koki ya juu ndo kidole chako, ukiifungua hewa inaingia na maji yanashuka haraka badala ya kuendelea kudondokea kwenye ufa kwa masaa.

Kuna mtu atafungua koki ya maji ya moto katika kumwaga huko, kwahiyo hita ya maji izime kwanza kwenye breka yake, na kama ni ya gesi funga gesi yake. Koili ya hita imezoea kuzungukwa na maji, ikiwaka tanki likiwa tupu inaungua. Na maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache tu, kwahiyo bomba la maji ya moto likipasuka usiende kuliziba kwa kiganja. Kingine kuhusu hita: ile valvu ndogo ya usalama pembeni yake ikianza kudondosha maji, usiizibe kwa namna yoyote, hata kwa kijiti. Ipo kwa ajili ya kupumua presha ikizidi. Kuiziba ni kama kufunga kwa nguvu tundu la mvuke la sufuria ya presha iliyo jikoni. Zima hita, weka ndoo, msubiri fundi.

Sasa kuziba kwa muda. Imani kubwa kabisa ni kwamba selotepu au tepu ya umeme ukiizungusha mara hamsini itazuia maji. Haizuii, sababu gundi haishiki kwenye bomba lililolowa na presha ya maji inasukuma kutoka chini ya tepu. Na ile tepu nyeupe nyembamba ya mafundi haina gundi kabisa, kazi yake ni kukaa kwenye hesi, ile mikato ya skrubu ndani ya maungio, kuizungushia juu ya ufa ni kupoteza tepu. Kinachosaidia ni mpira na kitu cha kuubana. Funga maji, kausha bomba, kata kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, zungusha upite tundu pande zote mbili, alafu bana kwa klipu za hozi zile za kukaza kwa bisibisi, moja juu ya tundu kabisa na nyingine pembeni. Huna klipu, tumia waya uupinde na plaizi. Ukishabana fungua maji kidogo tu uone. Hii itakufikisha asubuhi. Usiichukulie kama matengenezo, na hasa usiifunike na plasta.

Kama ni kwenye maungio ndo panavuja, usikimbilie kukaza kwa nguvu zote. Nati ya plastiki ikikazwa kupita kiasi inapasuka, na hapo ulikuwa na matone sasa una mto. Robo mzunguko, angalia, basi.

Na kama maji bado yanarukaruka huku unasubiri valvu ifungwe, funika tundu kwa taulo, acha ncha ya taulo ining'inie ndani ya ndoo, maji yatafuata kitambaa yashuke badala ya kupiga ukuta. Kwa tone dogo funga kamba tu kwenye bomba ncha moja iingie kwenye ndoo, tone litateremka kwenye kamba kimyakimya.

Dari ya jipsam ikianza kuvimba kama tumbo, hamisha watu na vitu chini yake, hakikisha umeme wa chumba hicho umezimwa, weka ndoo au beseni kubwa, alafu simama pembeni utoboe kitundu kidogo pale palipovimba zaidi kwa bisibisi ndefu. Najua inauma kutoboa dari yako mwenyewe. Lakini lita 50 zikijikusanya pale juu ni uzito wa mfuko mzima wa saruji, na dari haikujengwa kubeba saruji, ukiacha itashuka kipande kizima na inaweza kumshukia mtu.

Tuje kwenye choo, sababu hapa ndo maji yanayoingia na yanayotoka yanakutana na ndo watu wanachanganya zaidi. Umeflashi, maji yanapanda badala ya kushuka. Mkono unataka kuflashi tena "labda itasukuma". Usiflashi tena! Kila flashi inaongeza lita kadhaa juu ya maji ambayo hayana pa kwenda. Toa mfuniko wa tanki la choo nyuma, sukuma chini kile kizibo cha mpira kikae juu ya tundu, maji yanaacha kuingia kwenye bakuli hapohapo, kisha funga kile kivalvu cha ukutani. Maji ya ndani ya tanki ni masafi, usiogope kuingiza mkono. Alafu subiri, mara nyingi maji yanashuka yenyewe polepole, ndo utumie mpira wa kuzibulia, na mpira huo lazima uzame ndani ya maji maana kinachosukuma ni maji, ukipampu hewa tu unajichosha. Na nguvu yako iweke kwenye kuvuta zaidi kuliko kusukuma, unataka kilichokwama kilegee kirudi, sio kikagandamane mbele zaidi.

Kama baada ya hapo unaona ukiflashi choo maji yanatokea kwenye tundu la bafuni, au ukimwaga sinki choo kinabwabwaja, hiyo sio shida ya choo tena, foleni iko kwenye bomba kubwa la mbele linalokusanya vyote. Hapo kila mtu nyumbani aache kutumia maji, na mashine ya kufulia kama iko katikati ya kazi izimwe, maana ikifika muda wake wa kumwaga itamwaga bila kukuuliza na yatatokea bafuni. Kama chemba iko nje na mfuniko wake unainuka kwa usalama, inua uangalie. Imejaa, basi kizuizi kiko mbele ya chemba hiyo kuelekea shimo au mtandao wa maji taka. Ni tupu, basi kizuizi kiko kati ya nyumba na chemba. Mwambie fundi hilo moja tu na umempunguzia kazi ya kutafuta.

Ila uangalie kwa juu, ukiwa umesimama. Usiiname kuingiza kichwa, usiwashe kiberiti kuona vizuri, na usishuke ndani ya shimo la maji taka hata kama ni fupi na hata kama kuna kitu kimedondoka. Mle kuna gesi ya methane inayowaka na kuna sulfidi ya hidrojeni, ile yenye harufu ya yai bovu. Ubaya wake ikiwa nyingi inaua pua, unaacha kuinusa, unadhani imeisha kumbe ndo imezidi, na mtu anaanguka ghafla. Wanaokufa kwenye mashimo haya mara nyingi ni zaidi ya mmoja sababu wa pili anaingia kumwokoa wa kwanza. Mtu akianguka mle piga simu ya dharura, usimfuate. Ukishafunika mfuniko hakikisha hakuna mtoto anayeweza kuufungua.

Kuhusu dawa za kuzibulia, mtazamo wangu ni kwamba kama fundi anakuja, usimwage kitu. Kostiki soda ikikuta kizuizi kigumu inakaa palepale juu yake, inachemka, na fundi akija kufungua bomba lililopinda chini ya sinki inammwagikia mikononi na usoni. Kama ulishamwaga, mwambie kabla hajagusa chochote, hata kama unaona aibu. Na usichanganye: blichi ikikutana na dawa ya choo yenye asidi inatoa gesi ya klorini, ikikutana na amonia inatoa gesi nyingine ya sumu, na bafu dogo halina hewa ya kutosha kukusamehe. Ikitokea umechanganya, toka, fungua dirisha ukiwa unatoka, usirudi kusuuza.

Maji yanayochemka nayo yana sifa zisizo zake. Bomba la PVC linaanza kulegea joto likipita nyuzi 60, maungio yanaachia, na bakuli la choo la udongo linaweza kupasuka likimwagiwa maji ya moto ghafla. Maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya maji kwenye sinki lenye mafuta, sawa, yanasaidia kidogo.

Kwa mlio nchi za baridi kali kuna hili la bomba kuganda. Maji yakiwa barafu yanatanuka kama asilimia 9, na bomba linapasuka likiwa bado limeganda, ila unaliona likiyeyuka. Kwahiyo funga valvu kuu kwanza, fungua koki, pasha kwa kikausha nywele ukianzia upande wa koki kwenda nyuma, mahali pakavu, na usitumie moto wa wazi.

Wakati unasubiri, tumia simu yako. Piga picha ya pale panapovuja kwa karibu na kwa mbali, bomba la rangi gani, la plastiki au chuma, nene kiasi gani ukilinganisha na kidole gumba. Tuma kwa fundi, atajua abebe elbo gani, kile kiungio cha kona, na spana gani badala ya kuja kuangalia alafu arudi kufuata vifaa. Angalia na mita: umefunga valvu ya ndani na koki zote, kama mita bado inazunguka basi maji yanapotelea kati ya mita na valvu hiyo, au valvu yenyewe haifungi vizuri. Mwambie pia ulifunga nini na ulimwaga nini. Na kama sakafu imelowa, anza kukausha sasahivi, toa zulia nje, fungua madirisha, ukungu unaweza kuanza ndani ya siku moja au mbili.

Fundi akimaliza msiache maji yarudi kwa kishindo. Valvu kuu ifunguliwe polepole huku koki ya juu ikiwa wazi, itatema hewa, itakohoa, maji yatakuwa na rangi kwa muda, acha yatiririke mpaka yawe meupe ndo ufunge. Hita usiiwashe mpaka uone koki ya maji ya moto inatoa maji kamili bila hewa. Kisha chukua tishu kavu upitishe kwenye kila ungio alilogusa fundi, kabla hajafunga begi lake, sababu tone dogo macho hayalioni lakini tishu inalowa.